Skonzi za mdalasini na mwezi usioandama

*"Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mbagala. Kila Idi nyumba inajaa: mama mkwe, mawifi na watoto wao, hatupungui kumi na wanne. Idi iliyopita nilitaka kuwafanyia sinamoni roli kwa kifungua kinywa. Nilikanda usiku, nikakata, nikapanga kwenye trei na kuweka friji. Alfajiri nikakuta zimefura mpaka zimeshikana na nailoni, zinanuka kama pombe, chini kuna maji ya sukari. Nikazioka hivyohivyo. Juu zikaungua, katikati mbichi, na wifi yangu akaniuliza mbele za watu kama nimetia tembo. Nifanyeje ziwe za moto mezani watu wakirudi kuswali, bila mimi kuamka saa nane ya usiku? Na mwezi usipoandama, nazipeleka wapi?"*

Marahaba mwanangu. Hilo swali la mwisho ndilo lililonikalisha kitako. Mapishi mengi ya vitu hivi yameandikwa na watu ambao sikukuu yao ipo kwenye kalenda ya ukutani. Krismasi ni tarehe 25 Desemba hata mvua inyeshe mawe, kwa hiyo wao wakikuambia "kanda usiku wa kuamkia sikukuu", usiku huo unajulikana. Sisi jioni ya mwezi 29 Ramadhani tunakaa na redio, mara wameuona Pemba, mara hawajauona, mara subirini tangazo, na saa tatu ya usiku bado hujui kesho utakuwa mezani au umefunga. Donge lenye hamira halijui kusubiri tangazo. Ukishalikanda limeanza safari.

Kabla sijaendelea: mimi nikisikia "roli" nawaza gari la kubeba mchanga, kwa hiyo humu nitaziita skonzi za mdalasini. Na wala usizione za kigeni sana. Waswidi, ambao wana siku yao maalumu ya skonzi hizi kila tarehe 4 Oktoba tangu mwaka 1999, wanatia iliki kwenye unga wake. Unga wa ngano, maziwa, sukari, hamira na iliki: hapo nani hajaona hamri? Tofauti ni kwamba wao donge hilo wanaliviringisha na mdalasini na kulipeleka kwenye oveni, sisi tunalipeleka kwenye mafuta.

Sasa tuanze na lililokukuta, kwa sababu ukilielewa hilo, mengine yote yatakuwa rahisi.

Wifi yako hakukosea sana. Hamira ni vijidudu hai. Vinakula sukari, vinatoa hewa inayofurisha unga, na pamoja na hewa hiyo vinatoa pombe. Kazi ileile inafanyika ndani ya kibuyu cha mgema. Kwenye mkate wa kawaida pombe hiyo ni kidogo na inaruka kwenye moto, lakini unga ukikaa muda mrefu ukiwa na joto, inazidi mpaka pua inaijua. Hamira inafanya kazi kwa raha kati ya nyuzi 25 na 35. Kwenye nyuzi 4, ambalo ndilo baridi la friji nzuri, inasinzia. Haifi, inasinzia tu.

Kosa lako ni kuamini kwamba ukifunga mlango wa friji hamira imelala papo hapo. Jiko la Dar usiku wa mwezi Machi lina nyuzi 29 au 30. Unga uliotoka humo ukiwa umepangwa trei nzima ni sawa na sufuria ya wali wa jana uliopashwa: nje unapoa upesi, katikati unabaki na joto lake saa tatu, hata nne. Muda huo wote hamira inakula. Halafu nifikirie friji yenyewe ilivyokuwa usiku ule. Chini nyama ya pilau, juu jagi la juisi ya ukwaju, mlangoni watoto wanafungua kila dakika mbili kutafuta barafu. Friji hiyo haikuwa na nyuzi 4. Na miaka hii Idi inatuangukia Machi, inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, tunaelekea Februari; yaani bado tupo ndani ya joto la pwani kwa miaka kadhaa.

Maji ya sukari ya chini nayo yana sababu yake. Sukari inavuta maji. Ukiiacha imekumbatiana na unga mbichi kwa muda wa saa nane au tisa, inanyonya unyevu wa unga na kugeuka shira, shira inatiririka chini ya trei, na ukiwasha moto inaungua kabla skonzi haijaiva. Dawa ni ndogo mno: kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano uchanganywe na sukari ya ndani. Unaishika ile shira isikimbie.

Na ubichi wa katikati ulitokana na haraka. Ulitoa trei kwenye baridi ukaitumbukiza kwenye moto mkali. Juu kuna sukari na siagi, vinabadilika rangi upesi, wewe ukaona rangi ukadhani zimeiva.

Haya, tukande. Nakupa kipimo cha skonzi 12 kubwa, trei moja ya sentimeta 23 kwa 33. Kwa watu kumi na wanne na watoto ndani, fanya trei mbili. Kama unayo mizani itumie, kikombe cha kila nyumba kina ukubwa wake.

Unga wa ngano gramu 600. Maziwa mililita 300. Yai moja. Sukari gramu 75, siagi gramu 90 iliyolainika, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kisichojaa, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai. Hamira ile ya chenga ndogo isiyohitaji kuamshwa: ukioka siku hiyohiyo tia vijiko vya chai viwili, lakini kwa unga utakaolala friji tia kimoja tu na robo. Watu wanaogopa kupunguza hamira. Usiogope. Joto letu linafanya nusu ya kazi yake, na unga ulioumuka taratibu una ladha kuliko ulioumuka kwa fujo.

Sasa kitu ambacho hukukitaja na ambacho ndicho kinachotofautisha skonzi ya kula jana na ya kula leo: anza kwa kupika uji. Ndiyo, uji. Kwenye zile gramu 600 toa vijiko vya chakula vitatu vya unga, kwenye yale maziwa toa nusu yake, koroga kwenye sufuria ndogo juu ya moto mdogo mpaka kijiko kikipita kinaacha njia chini ya sufuria. Dakika tatu, nne. Uache upoe kabisa. Waoka mikate wa Japani na Taiwan wanafanya hivi siku zote. Unga ukipikwa na maji unashika maji mengi kuliko unga mbichi, na maji hayo yanabaki ndani ya skonzi hata ikilala, ikapashwa, ikalala tena. Mtu anayetayarisha mapema hana budi kupika uji huu. Anayeoka na kula papo hapo anaweza kuuruka.

Maziwa yaliyobaki yatie yakiwa baridi, kutoka friji. Najua umefundishwa maziwa ya vuguvugu ya kuamshia hamira. Hayo ni ya Lushoto mwezi Julai. Wewe wa Mbagala unataka kuanza na unga wa baridi, kwa sababu kuukanda tu kutaupasha.

Changanya vyote isipokuwa siagi, kanda mpaka vishikane, funika, ondoka dakika kumi na tano ukafanye mengine. Ukirudi, tia siagi kidogokidogo na ukande dakika kumi. Mwanzoni utanata na utatamani kuongeza unga. Jizuie. Ule wa mahamri unaokandwa ukawa mgumu kidogo hapa haufai. Huu unatakiwa uwe laini kama ndewe ya sikio. Ukivuta kipande kidogo kati ya vidole, kinatanuka kama utando, unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili kabla hakijachanika. Hapo tosha.

Uumuke mpaka ukaribie kuwa maradufu, dakika 50 mpaka saa nzima kwa joto letu. Kisha usiuache donge. Ubandike juu ya trei pana, uubonyeze uwe bapa kama chapati nene ya kimo cha vidole viwili, ufunike, upeleke friji saa nzima. Ubapa unapoa upesi, donge halipoi. Hilo peke yake lingekuokoa Idi iliyopita. Na unga wa baridi unasukumika bila kushikana na kibao, kwa hiyo umepata faida mbili.

Mdalasini. Hapa nitakaa kidogo, maana watu wananunua siagi ya bei halafu wanatia mdalasini wa pakiti uliokaa dukani mpaka umesahau ulikuwa mti. Tupo kwenye nchi ya mdalasini. Unalimwa Unguja, Pemba, na huku kwetu kwenye miteremko ya Usambara ya Muheza. Nenda sokoni ununue magome. Vunja kipande ukitafune: ule mzuri unaanza na utamu, ukali unakuja nyuma. Usage kwenye blenda, uchekeche kwa kitambaa chepesi au chujio la chai, kinachobaki juu tia kwenye chai ya mchana. Kwa trei moja nataka vijiko vya chakula viwili vya unga wake. Viwili, usinipunguzie.

Lakini wote ukae ndani ya mviringo na sukari. Usiutie kwenye unga wa kukanda. Mafuta ya mdalasini yanaidhoofisha hamira, na nimeshaona mtu akitupa kilo nzima ya unga akilaumu hamira mbovu, kumbe kaitia sumu kwa mkono wake.

Cha ndani kwa hiyo ni siagi laini gramu 80, sukari ya brauni gramu 150, mdalasini vijiko viwili, kile kijiko kimoja cha unga, chumvi ya kubana kwa vidole. Koroga viwe kama udongo wa mfinyanzi. Siagi iwe laini, isiyeyuke, iliyoyeyuka inakimbia. Majarini inafaa ukikosa, harufu tu ndiyo itapungua.

Sukuma unga uwe mstatili wa sentimeta 40 kwa 30, paka cha ndani mpaka pembeni ukiacha kidole kimoja upande mrefu wa mwisho, viringisha kama unavyokunja mkeka. Usikaze. Ukikaza, kwenye oveni katikati itasimama kama kofia ya tarbushi. Na kisu kiweke kabatini, chukua uzi wa kushonea safi, mrefu kama mkono wako. Upitishe chini ya gogo mpaka sentimeta tatu na ushee kutoka ukingoni, nyanyua ncha zake mbili, zipishane juu kama unafunga kamba ya kiatu, vuta. Uzi unapita katikati bila kubonyeza chochote, kipande kinaanguka mviringo mzuri, mistari yote inaonekana. Kisu kinakandamiza, unapata maumbo kama macho ya mtu aliyelala vibaya.

Sasa tumefika kwenye mwezi.

Ngoja nikusimulie lililonipata mimi kwanza. Nilikuwa bado Tanga, nimeolewa miaka miwili, nataka kumwonyesha mama mkwe. Mwezi 29 nikakanda trei tatu, nikazikata, nikazipanga friji kabla ya magharibi, moyo umetulia. Tukafuturu. Saa nne ya usiku tangazo likaja: mwezi haukuonekana, kesho tunakamilisha thelathini. Nikafungua friji. Zilikuwa zimeshaumuka, zimependeza, zinaniangalia. Kuzilaza usiku mwingine mpaka keshokutwa haikuwezekana. Nikawasha oveni saa tano. Nyumba nzima ikaamshwa na harufu ya mdalasini, majirani wakabisha hodi, na daku ya siku hiyo ilikuwa skonzi thelathini na sita na chai ya rangi. Mama mkwe alikula tatu. Asubuhi ya Idi yenyewe tulikula mkate wa dukani.

Tangu hapo, kwa Idi ninaoka nusu. Kwa Krismasi ya majirani zangu, ambao siku yao inajulikana, ninalaza mbichi. Nitakueleza zote mbili, lakini kwako wewe nachagua ya kwanza.

Kuoka nusu si ujanja wangu. Mwaka 1949 huko Avon Park, Florida, mwoka mikate mmoja anaitwa Joe Gregor, ambaye pia alikuwa wa zima moto wa kujitolea, alisikia king'ora akiwa na mikate kwenye oveni. Akaitoa imeiva nusu, nyeupe, akakimbilia moto. Aliporudi akairudisha ndani kuona itakuwaje, ikatoka safi. Kampuni ya General Mills ikainunua mbinu hiyo mwaka huohuo. Siri yake ni kwamba mkate una hatua mbili. Kwanza unashika umbo: hamira inakufa, unga unaganda, hauwezi tena kufura wala kuanguka. Rangi na harufu vinakuja baadaye. Ukisimama katikati ya hizo mbili, umeshika kitu kisichobadilika tena.

Kwa hiyo mwezi 26 au 27, usiku baada ya futari, wakati bado una nguvu, kanda kama nilivyokueleza. Ukishazipanga kwenye trei iliyopakwa siagi, ziache ziumuke tena mpaka zigusane. Bonyeza kwa kidole, kishimo kirudi polepole na kisirudi chote. Dakika 45 hivi, au zaidi kidogo kwa sababu zimetoka baridi. Washa oveni nyuzi 150, si zaidi. Oka kama dakika 25. Utajua kwa kutikisa trei: katikati hapatikisiki, lakini zote nyeupe kama mkate wa boflo usioiva. Kama una kipimajoto cha chakula, katikati pasome angalau nyuzi 82. Zitakutia wasiwasi zinavyoonekana, vumilia.

Ziache zipoe kabisa, kabisa kwelikweli, na si za vuguvugu, la sivyo mvuke utageuka barafu. Zifunge na trei yake, nailoni kwanza kisha foili, uzipeleke friza. Usiziweke friji. Hili watu hawaliamini: mkate ulioiva unachakaa upesi kwenye friji kuliko mezani. Lile baridi la nyuzi 4 ndilo linaloukausha na kuufanya uwe kama sponji ya kuogea. Mkate uliokwisha kuiva, hata nusu, makazi yake ni mawili: mezani kwa usiku mmoja, au friza kwa wiki tatu.

Sasa njoo mwezi 29. Tangazo likija kwamba mwezi umeandama, hata ikiwa saa tano ya usiku, kazi yako ni moja: toa trei friza, ziache mezani zimefunikwa, kalale. Joto la Mbagala litaziyeyusha huku umelala. Tangazo likija kwamba bado, hata friza huifungui. Unapika daku yako ya kawaida.

Umeme? Nilijua utauliza. Friza iliyojaa isipofunguliwa inatunza ubaridi wake kama siku mbili, yenye nusu kama siku moja. Wape watoto barafu yao mchana, kisha fungia. Hata zikiyeyuka zikaganda tena hazitaharibika kwa kukufa hamira, maana hamira imeshakufa siku ile ya nyuzi 150. Ndiyo maana kwako wewe nazipendelea kuliko mbichi.

Asubuhi ya Idi mzee na watoto wakitoka kwenda uwanjani, wewe kaoge kwanza. Takbira zikianza kusikika, washa oveni nyuzi 180. Kabla hujaziingiza, pasha nusu kikombe cha tui zito la nazi, lisichemke, umwagie juu ya skonzi polepole ukilenga kwenye mapengo. Linanywewa na unga, chini linabaki kidogo linalochanganyika na sukari kuwa kama shira ya visheti. Oka dakika 12 mpaka 15, mpaka ziwe rangi ya hamri. Zikianza kuwa nyeusi pembeni weka foili juu bila kuibana.

Na kama umeme umekata asubuhi hiyohiyo, chukua sufuria kubwa ya shughuli, panga chini mawe matatu madogo, funika, iweke kwenye gesi dakika kumi ipate joto. Trei ndogo juu ya mawe, funika tena, moto mdogo, dakika ishirini. Mwenye jiko la mkaa apalie moto juu ya mfuniko kama wa mkate wa kumimina. Atapata rangi nzuri kuliko ya oveni. Skonzi mbichi kwa njia hii ni bahati nasibu. Zilizookwa nusu zinapita kila mara.

Kwa ajili ya jirani yako wa Krismasi, au wewe ukipata siku yenye uhakika: kaza mambo yaleyale ya baridi, hamira ile iliyopungua, ubapa friji saa nzima, kisha ukishakata na kupanga zirudishe friji hapohapo, bila kusubiri ziumuke. Nyuma ya friji, chini, mbali na mlango na mbali na sufuria ya moto. Zikae humo kwa muda wa saa 8 mpaka 14, zisizidi 16. Alfajiri zitoe, zikae mezani kwa muda wa saa moja, kisha nyuzi 180 kwa dakika 25 mpaka 28, foili juu baada ya dakika 15. Katikati pasome nyuzi 88 au 90. Harufu yake, nakiri, inazishinda zile za nusu. Tumia trei ya bati: bakuli la kioo likitoka friji likaingia motoni linaweza kupasuka, na vioo kwenye mdalasini havionekani.

Kuhusu cha juu usihangaike. Krimu chizi ya dukani bei yake ni kilo ya nyama, na kwenye joto letu inateleza kabla mgeni hajavua viatu. Chukua kikombe kimoja cha sukari ya aisingi, vijiko viwili au vitatu vya tui zito, chumvi chembe, maji ya limau nusu kijiko cha chai ili utamu usiwe wa kulewesha. Koroga iwe nzito ya kuchirizika. Zipake zikiwa za vuguvugu. Zikiwa za moto sana inayeyuka na kupotelea ndani, ambalo si kosa, ila hutaiona.

Pembeni weka mbaazi za nazi na kitu cha chumvi. Watu wazima watakula moja ya mdalasini kisha watatafuta mbaazi, nakuambia mapema usije ukadhani hawajazipenda.

Jaribu trei moja wiki mbili kabla, siku ya kawaida, ili uijue oveni yako. Na kile kipande cha katikati kabisa ya trei, kisicho na ukoko upande wowote, kilichonywa tui kuliko vyote, mwekee wifi yako kwenye sahani nzuri.